Kifusi cha mgodi: pH ya leo haitoshi

Ukiingia kwenye kazi ya kusafisha machimbo ya zamani ya kinywe (grafiti), iwe Ruangwa au Nachingwea mkoani Lindi, utaambiwa mapema kwamba kifusi kimeshapimwa na hakina asidi. Uliza kimepimwa vipi. Mara nyingi mtu amekoroga unga wa jiwe na maji, akachovya karatasi ya pH (kipimo cha asidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi), akasoma 7, akaandika "salama". Hiyo 7 inahusu asidi iliyokwisha kutokea. Ile ambayo bado haijatokea, haigusi kabisa.

Miamba ya kinywe mara nyingi hubeba pia pairaiti, madini ya chuma na salfa yenye mng'ao wa manjano. Yakikaa chini ya ardhi hayana neno. Yakivunjwa na kurundikwa juu, hewa na mvua huyageuza kuwa asidi ya salfuriki, na maji yanayochuruzika huyeyusha metali na kuzipeleka bondeni, kwenye visima vya watu. Hali hiyo yaweza kuchukua miaka kujitokeza.

Kwa hiyo mimi husisitiza kipimo cha haidrojeni peroksaidi, kemikali inayoharakisha kazi hiyo ya hewa na mvua. Saga jiwe liwe laini kama sembe, pima gramu 2.5, mimina mililita 250 za peroksaidi ya asilimia 15, acha usiku kucha, kisha chemsha mpaka mapovu yaishe. Ikipoa, pima pH. Ikiwa chini ya 4.5, kifusi hicho kinaweza kuzalisha asidi. Anza kwa kupima peroksaidi yenyewe, maana nyingine hutiwa asidi kiwandani isiharibike, na hapo jibu hupotoka. Vaa miwani na glavu, fanyia nje, usifunike chombo. Niliwahi kusimama mbele ya bika (chombo cha maabara) lililotulia kwa muda, mara likafoka lenyewe bila moto, povu la rangi ya kutu likamwagika mezani. Jiwe lilelile lilikuwa limesoma 7 kwenye maji.

Sampuli usiichote juujuu, mvua imeshapaosha hapo. Chimba ndani ya rundo, sehemu mbalimbali. Ondoa majani ya mikorosho na mizizi, kwani mabaki ya mimea nayo huleta asidi yake kwenye kipimo hiki.

Kifusi kikisoma chini ya 4.5, peleka maabara wapime salfa. Kila asilimia 1 ya salfa iliyo kwenye salfaidi (madini ya salfa kama pairaiti) hudai kilo 31.25 za chokaa safi ya kaboneti kwa tani moja ya kifusi, ili kuzima asidi. Mpaka hesabu hiyo ipatikane, mtu asichukue hata tripu moja kujazia barabara au msingi wa nyumba, hata akija mwenyekiti wa kijiji mwenyewe kuomba.