Maswali ya Mafundi: Bushi ya Plastiki, Ipi kwa Mashine Ipi?

Mashine yetu ya kumenya kahawa mbivu, hapa Sironko, tumeitia bushi (pete zinazoishika shafti ikizunguka) za nailoni mara mbili. Karakanani shafti inazunguka kwa kidole. Wiki moja kazini, inabana hadi mkanda unateleza. Fundi anasema tuliuziwa nailoni feki. Ni kweli?

Huenda ni nailoni halisi kabisa, na tatizo liko hapohapo. Nailoni hunywa maji. Ile ya aina ya 6 ikilowa muda mrefu hubeba maji hadi karibu asilimia 9 ya uzito wake, na vipimo vyake hukua kwa asilimia 2 au 3. Bushi yenu imebanwa ndani ya chuma, haina pa kutanukia kwa nje, kwa hiyo uvimbe wote unaifuata shafti. Ukuta wa mm 5 peke yake unaweza kula mm 0.2 hadi 0.3 za tundu, au zaidi. Fundi aliyeacha nafasi ya mm 0.1, kama alivyozoea kwenye shaba, alishaibana shafti kabla msimu haujaanza. Karakanani haikuonekana kwa sababu bushi ilikuwa kavu.

Tieni asetali, plastiki nyingine ambayo wauzaji wengi huiita Delrin. Hata ikilowa kabisa, maji inayobeba hayafiki asilimia 1. Tuseme shafti ni mm 30 na tundu la nyumba (chuma kinachoishika bushi) ni mm 40. Kereza bushi kwa nje iwe mm 40.2, uisukume ndani kwa presi au vaisi (nyundo huipasua ukingo), halafu ndipo ukereze tundu la ndani lifike mm 30.15. Mpangilio huo usiugeuze. Bushi ikibanwa, tundu lake hupungua karibu sawasawa na ule mm 0.2 wa nje, na aliyemaliza tundu mezani hujikuta nafasi yote imekwisha. Urefu wa mm 30 hadi 45 unatosha. Bushi ndefu zaidi ya hapo huliwa kwenye ncha mara shafti inapopinda kidogo.

Shafti nayo itazamwe. Yenye kutu hufanya kazi ya tupa, na hakuna plastiki itakayoivumilia. Isugueni kwa msasa namba 400, kisha 600, mpaka ukucha usihisi mkwaruzo.

Jambo moja zaidi: msiijaribu mashine ikiwa kavu kwa muda mrefu. Tuseme bushi inabeba mzigo wa kilo 60, yaani karibu niutoni 600. Ugawe kwa 30 × 40 (kipenyo cha shafti mara urefu wa bushi), unapata niutoni 0.5 kwa kila milimita ya mraba. Kwa mizunguko 200 kwa dakika, uso wa shafti unakwenda mita 0.31 kwa sekunde. Zidisha hizo mbili: 0.16. Kwa kipimo hicho cha mgandamizo mara mwendo, asetali au nailoni kavu huishia karibu 0.1, kisha joto linalimbikizana, maana plastiki haipitishi joto kama chuma. Maji ya kumenyea ndiyo yanayoipoza. Na jioni msiioshe kwa jiki, klorini huila asetali.

Nina kinu cha posho Kisenyi. Beringi za gololi zinaniisha kwa vumbi. Naweza kuweka bushi za plastiki?

Hapana. Shafti ya mm 50 kwenye mizunguko 3,000 inakwenda karibu mita 8 kwa sekunde. Nailoni kavu itayeyuka kabla hujajaza gunia. Tafuta beringi zenye sili za mpira pande zote mbili, na uzibe pale unga unapotokea. Plastiki ina kazi yake humo kinuni, lakini ni kwenye mwendo wa polepole: kilango cha kufungulia mahindi, au reli ya mnyororo wa kupandishia nafaka. Hapo weka poliethilini ya UHMW, yaani ile yenye molekuli ndefu sana. Inavumilia msuguano wa nafaka na mchanga kuliko nailoni na haihitaji grisi, ambayo kwenye vumbi la unga hugeuka ugali. Ila isizidi nyuzi 80 za joto, na uikate fupi kidogo kuliko nafasi yake, kwa kuwa kipande cha mita moja hurefuka karibu mm 2 kila joto linapopanda nyuzi 10.

Katwe nimeuziwa fimbo nyeupe. Muuzaji wa kwanza kaiita nailoni, wa pili Delrin, wa tatu "plastiki ya Ujerumani". Nitajuaje?

Kata kipande kidogo, ukitie kwenye maji safi. Kikielea, si nailoni wala Delrin; huenda ni poliethilini au polipropilini. Kikizama, koroga gramu 350 za chumvi katika lita moja ya maji mpaka iyeyuke, ukitie tena, na ukisugue kwa kidole kuondoa mapovu, maana povu moja linaweza kukuongopea. Nailoni tupu huelea kwenye maji hayo ya chumvi. Asetali huzama. Tefloni huzama pia, lakini utaitambua mkononi: ni nzito, inateleza kama sabuni, na ukucha unaacha alama. Nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo nayo huzama, ila hiyo huonekana ikikatwa, uso wake ni wa kukwaruza. Usiiweke kwenye shafti laini, itaila.

Wengi hupenda kuchoma. Nailoni hunuka kama nywele zilizoungua. Asetali hutoa moshi unaochoma macho na pua, na moto wake hauonekani vizuri mchana, kwa hiyo chumvi ni salama zaidi. Tefloni usiichome kabisa, moshi wake ni sumu.

Toroli za tanuri la mikate, Mbarara, nyuzi 230. Tefloni itafaa kwa bushi za magurudumu?

Kwa joto, ndiyo, inafika 260. Lakini Tefloni tupu hutambaa ikibebeshwa uzito, na baada ya muda gurudumu linakaa upande. Agiza iliyochanganywa na kaboni. PEEK, plastiki ngumu ya kuvumilia joto kali, inaweza pia, ila bei yake haifai toroli. Ukikosa Tefloni ya kaboni, weka bushi ya grafiti, ukiacha nafasi kubwa kidogo kuliko ile ya kazi isiyo na joto.