Maswali ya Wasomaji: Ametoka Kituoni, Sasa Amejifungia Chumbani

SWALI: Mdogo wangu alitumia unga, yaani heroini, kwa miaka kadhaa, na mwaka huu familia ilichanga pesa tukampeleka katika kituo cha kurekebishia tabia. Amerudi akiwa mzima, lakini kutwa yumo chumbani. Mama humwachia sahani mlangoni, na akipita sebuleni kila mtu hupapasa simu yake. Baba anasema heri akae ndani kuliko kurudi maskani, kule walikokuwa wakivutia unga. Je, tumwache atulie peke yake? Na hii methadoni inayosemwa na majirani, si kubadilisha unga kwa unga?
Dada mwenye hofu, Kisauni

JIBU: Dada yangu, wasiwasi wako una msingi, na ningependa baba naye asomewe jibu hili, kwa kuwa nia yake ni njema. Maskani kweli ni hatari kwa kijana huyu. Lakini mtu anayeacha unga hupoteza kwa mara moja marafiki, shughuli na mazoea yote yaliyokuwa yakijaza siku yake, na asipopata wengine wa kushika nafasi hiyo, watu pekee wanaobaki kumwita kwa jina lake bila kumtilia shaka ni wale wale waliokuwa wakivuta naye. Arosto ya mwili, yaani maumivu, kuharisha na kukosa usingizi, kwa kawaida hupungua baada ya wiki moja hivi, ilhali hamu ya kutumia hukaa miezi mingi na huamshwa na huzuni, ugomvi na kukosa la kufanya. Upweke humletea yote hayo pamoja.

Kuna jambo zito zaidi ambalo kila familia yenye mtu aliyetoka kituoni au gerezani inapaswa kulijua. Mwili uliokaa wiki kadhaa bila unga hupoteza ustahimilivu, hivyo kiasi alichokizoea zamani sasa kinaweza kumzuia kupumua. Akirudia hata mara moja, nyuma ya mlango uliofungwa, hakuna wa kuona kwamba pumzi zimepungua, midomo imebadilika rangi na haamki akitikiswa. Dawa ya naloksoni huweza kurudisha pumzi, lakini aliyezimia hawezi kujipa mwenyewe. Likitokea hilo, mlazeni kwa ubavu, mkimbizeni hospitali, wala msione haya. Leo hii, ondoeni komeo la ndani katika mlango wake.

Wako watakaowashauri mumhamishie bara. Ushauri huo una ukweli ndani yake: wanajeshi wa Marekani waliokuwa waraibu wa heroini kule Vietnam walichunguzwa baada ya kurejea kwao mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wengi wao hawakurudia uraibu. Ila hao waliacha vita nyuma yao, wakarudi kwa jamaa zao na maisha yao ya kawaida. Mkimpeleka mdogo wako asikojua mtu, mtamwondolea wauzaji na jamaa kwa pamoja.

Anzeni na chakula. Ale sinia moja nanyi, hata kama siku za kwanza atakula kimya, na msimpe hotuba akiwa na tonge mkononi. Kuweka pesa mbali kwa sasa si kosa mkimweleza waziwazi, maana kinachomchoma ni yale macho mnayopeana anapopita. Kama yupo mjomba anayekwenda soko la Kongowea alfajiri, amchukue wakashughulike na mzigo pamoja, kwa kuwa kazi humpa mtu sababu ya kuamka na watu wa kumngojea.

Hata hivyo familia haitoshi, kwa sababu kuna mambo ambayo kijana hawezi kumwambia mama yake. Anahitaji kuketi na watu waliopitia arosto, wakaiba, wakaaibika, na leo wanaishi bila unga. Narcotics Anonymous, iliyoanza Marekani mwaka 1953, imejengwa juu ya msingi huo wa mraibu kumsaidia mraibu mwenzake. Hapa Mombasa, mashirika ya Reachout Centre Trust na MEWA yamefanya kazi na watumiaji wa dawa za kulevya kwa miaka mingi, nanyi mnaweza kuyauliza kuhusu vikundi vya kusaidiana. Namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupigwa bila malipo, na hata wewe unayemlea unaweza kuipiga.

Kuhusu methadoni, majirani wamekosea. Ni dawa ya kunywa inayotolewa kwa kipimo na wahudumu wa afya, ambayo nguvu yake hudumu takriban siku nzima bila kumlevya mgonjwa aliyepimiwa sawasawa, na humwondolea arosto inayomsukuma kuiba. Nchini Kenya ilianza kutolewa katika hospitali ya Mathari, Nairobi, mwaka 2014, ikafuata Malindi, na sasa ipo huko kwenu Kisauni. Kwa kuwa mdogo wako tayari ameacha, daktari ndiye atakayeamua kama inamfaa, naye asiipate kwa mtu mwingine yeyote. Akiandikiwa, atatakiwa kufika kliniki kila siku, na huko atakutana na muuguzi wa kumuuliza amelalaje. Ukiweza, fuatana naye siku za mwanzo.