Ukiwa na kitambaa mkononi ndege hawakukimbii

Jamani huu mwezi wa kumi na moja kama uko Mtwara au Lindi usikae ndani. Najua joto, kusi limeshakata na kaskazi bado haijakaa sawa, mvua inanukia tu haiji na watu wamechoka na korosho, lakini uani kwako saa hizi kuna mambo ambayo mwezi wa sita huyaoni, na kama wewe ni mtu wa kudarizi basi una sababu mbili za kubeba mkeka ukakae chini ya mwembe.

Mimi nakaa Mikindani na nadarizi ile ya misalaba, krosi-stichi, yaani unahesabu vijumba kwenye kitambaa na kila kijumba unapiga eksi ya uzi. Kitu nilichokuja kukiona na nataka na nyie mkijaribu ni hiki: ndege hamuogopi sana mtu aliyekaa, anamuogopa mtu anayemkodolea macho. Ukikaa umeinamia kazi yako, mikono inacheza kidogo kidogo tu hapo mapajani, haichukui muda shore wanashuka, hua wanashuka wanaanza kudonoa chini, chozi, yule ndege mdogo anayenyonya maua, anakuja mpaka kwenye ua lililo karibu na bega lako, na wewe unanyanyua macho taratibu unaangalia, unarudi kwenye sindano. Anayetoka mbio na simu apige picha hapati hata robo ya hayo. Muda mzuri ni asubuhi kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka kama saa tatu, baada ya hapo jua linakuwa kali na wao wenyewe wanajificha, na mikono yako nayo inatoka jasho linachafua kitambaa, kwa hiyo nawa mikono kwanza na tandika khanga mapajani.

Kuhusu kuwavuta, wengi wanakimbilia kumwaga mchele na pumba. Kwa msimu huu we weka maji. Huku kusini mvua zenyewe hazianzi mpaka mwisho wa Novemba au Desemba, sasa hivi vidimbwi vyote vimekauka, kwa hiyo sinia la zamani au kigae cha mtungi uliovunjika kinatosha kabisa, maji yasizidi kina cha kidole kimoja, katikati tia jiwe ili wale wadogo wapate pa kusimama, na usikiweke karibu na kichaka maana paka anajibanza humo. Maji yamwage kila siku uweke mengine, mbu hawachelewi. Na uzuri wa maji ni kwamba yanawaleta hata wale ambao nafaka hawaigusi, wanaokula wadudu na wanaonyonya maua, ambao kwa mchele wako usingewaona milele.

Halafu kama una mkorosho usifagie mabibo yote. Acha rundo dogo pembeni kabisa mwa uwanja, yakianza kuchacha wanakuja vipepeo na nyigu, na wadudu wakija basi ndege wao wanafuata. Usiku ni zamu ya popo, wanabeba bibo wanaenda kulila kwenye mti mwingine na korosho wanaidondosha huko huko, na komba nao utawasikia wanalia kama mtoto mchanga. Tena kwa taarifa yenu kuna komba mdogo sana amepewa jina la uwanda wa juu wa Rondo, huku kwetu Lindi, uzito wake kama gramu 60 tu, mi naona hilo ni jambo la kujivunia na watoto wa shule huku wangefundishwa.

Sasa wageni. Angalia waya za umeme, wale mbayuwayu wenye koo la kahawia na mkia wa panda wametoka Ulaya na Asia, huko kwao baridi imeingia na wadudu hakuna. Ila mimi ninayemsubiri kuliko wote ni keremkerem wa Ulaya. Wanapita juu kwa makundi wanaitana, mara wachache wanatua. Mwangalie akikamata nyuki: anamdaka hewani, anarudi pale pale alipokuwa, anampigapiga kichwa kwenye tawi, kisha anamgeuza anamsugua mkiani mpaka sumu ya mwiba inamtoka, ndo anameza. Na yule yule ukimtazama kwa jicho la mdarizi ni raha tupu, utosini na mgongoni kahawia iliyoiva, kooni manjano, chini ya koo kimstari cheusi chembamba, tumboni bluu inayokwenda kijani, na mstari mweusi unaopita kwenye jicho.

Ndege kama huyo umdarizi. Foronya za bibi zetu zina njiwa wawili wanaotazamana, nazipenda sana, lakini siku hizi kila mtu anadarizi tausi na mawaridi ya kwenye mtandao wakati ndege wa kwake hata hajawahi kumtazama vizuri. Nunua karatasi ya grafu, chora umbo kwa penseli, kila kijumba msalaba mmoja. Kitambaa cha vijumba 14 kwa inchi, ndege wa vijumba 70 anatoka inchi 5, saizi nzuri ya fremu. Rangi ziandike pale pale unapomuona, na dukani toa nyuzi nje mlangoni uzione kwenye mwanga wa jua, taa ya dukani inadanganya. Uzi una nyuzi ndogo sita, chomoa mbili za kushonea. Kwa chozi dume, yule anayemeta, rangi moja haitoshi hata ufanyeje, tia sindano moja unyuzi mmoja wa kijani na mmoja wa zambarau pamoja, utaona anavyobadilika ukiugeuza mkono. Na misalaba yote ile mishono ya juu ilale upande mmoja, kazi nzima inapendeza au inaharibika hapo.

Kuna hili nalisema kwa uchungu kabisa: vipande vya uzi unavyokata visibaki uwanjani, na usiwaninginizie ndege eti wajengee viota. Uzi ni mrefu, haukatiki, unamzunguka kinda mguu mpaka unakufa au yeye mwenyewe anafia kiotani. Chozi anafunga kiota chake kwa utando wa buibui, mnana anachana majani ya mnazi, wana vyao. Weka kikopo chenye mfuniko pembeni yako, kila kipande kiingie humo.

Mvua ya kwanza ikipiga kumbikumbi watatoka, na jioni hiyo acha kudarizi, utazame tu, maana mwewe, mbayuwayu, keremkerem, kuku, watoto na ndoo zao, wote wako kazini kwa mpigo. Kitambaa kifungie kwenye mfuko kabla hujawasha taa ya barazani, mabawa yakishaingia kwenye vijumba kuyatoa ni kazi.