Kofia ya taa nyekundu kwa baba aliyepata kiharusi, tununue?

SWALI: Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 63, alipata kiharusi mwezi wa pili, mkono wa kulia mpaka leo hauna nguvu na maneno anayatafuta, anataka chumvi anasema sabuni. Sasa kaka yetu yupo Muscat kaona mtandaoni kofia ina taa nyekundu ndani, wanasema unavaa dakika 20 kila siku, mwanga unaingia kwenye ubongo unaamsha seli zilizolala. Bei inafika milioni mbili na kitu, anataka tuchange wote. Mazoezi ya hospitali tumesimamisha kwanza maana hela haitoshi, na dawa za presha anakunywa siku akisikia kichwa kizito. Je inasaidia kweli au tunapigwa? Dada wa Tanga.

JIBU: Marahaba dadangu, pole sana na kuuguza.

Nianze na hiyo taa maana siyo uganga, kuna sayansi ndani yake. Leo usiku zima taa, washa tochi ya simu halafu izibe kwa ncha ya kidole. Tochi ni nyeupe ila kidole kitawaka chekundu, kwa sababu rangi nyingine zinamezwa na damu na nyama, nyekundu ndo inapenya. Ndo maana kofia hizo zinatumia nyekundu pamoja na infraredi ambayo jicho halioni. Ndani ya seli kuna mitokondria, ndo jiko linalopika nguvu ya seli, na humo kuna protini inayofyonza mwanga wa aina hiyo, watafiti wengi wanaona hapo ndo seli inapochangamka. Mambo haya yalianza Hungary 1967, daktari Endre Mester alinyoa panya, akawamulika kwa leza hafifu, akaona nywele zinaota haraka kuliko kwa wale ambao hawakumulikwa.

Sasa hamisha tochi uiweke chini ya kiganja pale penye nyama nene karibu na kidole gumba. Mwanga umefifia eeh? Na hapo hakuna mfupa mpana kama fuvu wala nywele. Kinachofika kwenye ubongo ni kidogo mno.

Na kwa kiharusi walishajaribu, tena kwa leza ya hospitali yenye nguvu, wagonjwa walimulikwa kichwani ndani ya masaa 24 tu tangu waugue. Jaribio la kwanza la 2007 lilikuwa na wagonjwa 120, matokeo yakatia moyo. La pili watu 660, tofauti ikawa ndogo haitoshi kutegemewa. La tatu likasimamishwa katikati kwa sababu hesabu zilionyesha haliendi popote. Na baba yako masaa 24 yalishapita zamani. Boston 2014 watu 11 walioumia kichwa walimulikwa mara 18, kumbukumbu zikaboreka, ila hawakuwa na kundi la kulinganisha, kwahiyo huwezi kujua ni mwanga au ni nini. Mimi nisingetoa hiyo milioni mbili.

Kilichonishtua zaidi ni pale uliposema dawa za presha anakunywa akisikia kichwa kizito. Dada hapana, nakuomba sana! Presha ikipanda mara nyingi haisemi kitu, mtu anajisikia mzima kabisa anakula anacheka, na kiharusi cha pili kinakuja hivyo hivyo. Dawa ni kila siku, saa ile ile, hata akijisikia vizuri, na asiache wala kupunguza mpaka daktari wake aseme. Mwambie kaka anunue mashine ya kupimia presha, ya kufunga mkononi juu ya kiwiko, mpime asubuhi na jioni wiki nzima, muandike kwenye daftari muende nalo kliniki.

Hela iliyobaki irudishe kwenye mazoezi. Ubongo unajifunza upya kwa kurudia kitu kile kile mara mia, na miezi hii ya mwanzo ndo unajifunza vizuri zaidi, msiichezee. Hata nyumbani mnaweza. Akitaka chumvi akasema sabuni usimcheke wala usimmalizie neno haraka, mwekee chumvi kwenye kiganja cha kulia, aishike, aionje, mwanzishie "chu..." halafu nyamaza umsubiri. Atachukua muda. Msubiri tu.