Upweke uliopimwa kwa mnyororo wa mpima ardhi

Swali la wiki lilikuwa: "Wanawake walowezi wa mbuga za Marekani katika karne ya 19 walielemewa zaidi na nini, kazi au upweke?"

Jibu langu ni upweke, na naomba nafasi ya kueleza ulikotoka, maana wengi huusingizia ukubwa wa mbuga. Mbuga za Nebraska, Kansas na Dakota ni kubwa kweli, na upepo wake haukatiki. Lakini kwenye mbuga hizohizo Wapawnee, wenyeji wa asili wa nchi ile, walikaa vizazi na vizazi bila mwanamke kuachwa peke yake. Nyumba zao za udongo zilikuwa za mviringo, moja ikichukua familia kadhaa, na zilisongamana kijiji kizima kando ya mito Platte na Loup. Wanawake walilima pamoja mahindi, maharage na maboga kwenye udongo laini wa bondeni. Miaka ya 1870 Wapawnee waliondolewa Nebraska, wakapelekwa nchi ambayo leo ni Oklahoma. Upepo ukabaki uleule na nyasi zilezile. Kilichobadilika ni namna ardhi ilivyogawiwa.

Sheria ya Homestead, aliyoitia saini Rais Abraham Lincoln tarehe 20 Mei 1862, ilimpa mlowezi eka 160, yaani kama hekta 65, kwa ada zilizofika jumla ya dola 18. Masharti yalikuwa awe mkuu wa kaya au awe ametimiza miaka 21, ajenge, alime, na akae papo hapo miaka 5. Mjane, mwanamke aliyeachika na msichana asiyeolewa waliweza kujiandikisha. Mke wa mtu kwa kawaida hakuweza. Ardhi ilikuwa ya mumewe.

Sasa tazama ramani. Wapima ardhi waliikata nchi kwa miraba ya maili moja kwa maili moja, wakitumia mnyororo wa futi 66, minyororo 80 kwa kila maili. Mlowezi alipewa robo ya mraba, nusu maili kila upande. Hata kama kila robo ingepata mwenyewe na kila mmoja akajenga katikati ya eneo lake, mlango wa jirani ungekuwa mita 800 hivi. Hiyo ingekuwa afadhali. Penye reli, miraba ya namba witiri ilipewa kampuni ya reli na ya shufwa ikabaki ya serikali, kama ubao wa drafti, na kampuni iliweza kuikalia miraba yake mitupu ikingoja bei ipande. Katika kila eneo la miraba 36, wa 16 na wa 36 iliwekwa kando kugharimia shule. Ongeza walanguzi wa ardhi, ongeza walioshindwa wakarudi mashariki. Jirani akawa maili mbili, tatu, au zaidi, na ukimfikia unaweza kukuta ni Mswidi au Mcheki ambaye hata salamu hamwelewani.

Kuna kifungu kingine cha Sheria ya Homestead ambacho naona ndicho kilichomfunga mwanamke hasa. Mlowezi akiihama ardhi yake kwa zaidi ya miezi 6, ilirudi serikalini. Lakini eka 160 za nyasi hazikuwa na fedha ndani yake mwaka wa kwanza, wala wa pili. Jembe, mbegu, ng'ombe wa kukokota na jiko la chuma vilihitaji pesa taslimu, kwa hiyo wanaume walikwenda kutafuta vibarua kwenye ujenzi wa reli, migodini au kwenye mavuno ya mashamba makubwa. Nzige wa mwaka 1874 walipotua Kansas na Nebraska, wakala mahindi, vitunguu mpaka ndani ya ardhi, na hata mablanketi ambayo wanawake walifunikia bustani zao, waume wengi zaidi walilazimika kuondoka. Mke alibaki na watoto ili ionekane kwamba nyumba ina watu. Yeye ndiye aliyeishikilia ardhi isiyokuwa na jina lake. Sheria ilitoa njia ya mkato, kwamba baada ya miezi 6 ya kukaa ungeweza kuinunua kwa dola 1.25 kwa eka. Hiyo ni dola 200 kwa eka 160, na wenye dola 200 mkononi walikuwa wachache.

Nyumba aliyobaki nayo ilijengwa kwa ardhi yenyewe, kwani miti haikuwepo isipokuwa michache kando ya vijito. Plau maalumu ilikata tabaka la juu la udongo wenye mizizi ya nyasi kwa utepe wenye upana wa futi moja na unene wa inchi 3 au 4, kisha sepetu ikaukata vipande vya futi 2 hadi 3. Vilikatwa udongo ukiwa na unyevu, tena vile tu vitakavyopangwa siku hiyo, kwa sababu kipande kikikauka kabla ya kupangwa hupukutika. Vilipangwa nyasi zikitazama chini, safu mbili au tatu kwa unene, na kila baada ya mistari michache vikawekwa kwa kukingama ili ukuta ushikane. Juu ya fremu ya dirisha waliacha nafasi, wakaijaza matambara, kwa sababu ukuta wa udongo hujikandamiza na kushuka kwa miezi mingi. Bila nafasi hiyo uzito wake huvunja kioo.

Nyumba ya namna hiyo ilikuwa na ubaridi wakati wa joto na joto wakati wa baridi, na haikushika moto mbuga ilipoungua. Ubovu wake ulikuwa juu. Paa liliezekwa kwa fito, vichaka na nyasi kavu, kisha mapande ya udongo yaleyale, nalo lilivuja. Mvua ya siku moja nje iliweza kuwa ya siku tatu ndani, matope yakidondokea kitandani na kwenye sufuria, na paa lililolowa sana liliweza kuvunja boriti na kuanguka. Wanawake walitundika kitambaa cha merikani chini ya dari kuzuia udongo, wadudu, na mara nyingine nyoka. Dirisha lilikuwa moja au mawili, kwa kuwa kioo kilinunuliwa, na kwa unene wa ukuta ule mwanga uliopenya ulikuwa haba. Kwenye kingo pana za dirisha walipanda jerania ndani ya makopo. Wengine walifuga ndege aina ya kanari ndani ya tundu, wapate kusikia sauti.

Kuni hazikuwepo. Walichoma mavi makavu ya nyati, na nyati walipomalizwa, ya ng'ombe. Wageni walianza kwa kuyaokota kwa vijiti viwili, halafu kwa kitambaa, halafu kwa pindo la aproni, mwisho kwa mkono mtupu. Yalipokosekana walisokota nyasi kavu, wakazikunja na kuzifunga kama kitita kidogo, lakini kitita kimoja kiliwaka dakika chache tu, kwa hiyo kuoka mkate kulitaka mtu wa kusokota na mtu wa kupika. Mama aliyekuwa peke yake alifanya yote mawili. Maji yalikuwa tabu kubwa kuliko moto. Kwenye miinuko ya Kaunti ya Custer, Nebraska, kisima kiliweza kufika futi 200 au zaidi kabla ya kukutana na maji, na mpaka kichimbwe, maji yaliletwa kwa mapipa juu ya mkokoteni kutoka bondeni.

Sabuni nayo ilipikwa nyumbani. Majivu yalijazwa kwenye pipa lenye matundu chini, yakamiminiwa maji kidogo kidogo, na maji makali yaliyotoka yakapimwa kwa yai: likielea na kutokeza sehemu ndogo tu juu, ukali unatosha, likizama, maji yanarudishwa kwenye majivu. Kisha yalichemshwa na mafuta ya wanyama. Kwenye mbuga kulikuwa na tatizo: majivu mazuri ni ya miti migumu, na miti hiyo ndiyo iliyokosekana, kwa hiyo waliokuwa na senti kidogo walinunua magadi makali ya kopo dukani. Maji ya visima vingi pia yalikuwa na chumvi za madini, na sabuni ndani yake huganda utando wa kijivu unaong'ang'ania nguo. Ndiyo maana walikinga kila tone la mvua.

Nimeeleza kazi hizi kwa sababu watu huziweka upande mmoja na upweke upande mwingine. Kazi zenyewe ndizo ambazo kwingine wanawake walizifanya kwa pamoja. Kufua, kupika sabuni, kushona mablanketi ya viraka na kuzalisha ni shughuli za kusaidiana. Mbuga ziliwapa kazi zote na kuwanyima wenzao. Mkunga akiwa maili 10 na mume hayupo, anayeweza kwenda kumwita ni mtoto. Na majira ya baridi hata mtoto hatumwi. Tarehe 12 Januari 1888 asubuhi ilikuwa na joto la kupendeza, kisha dhoruba ya theluji ikashuka ghafla juu ya Dakota na Nebraska. Zaidi ya watu 200 walikufa, wakiwemo watoto wengi waliokuwa wakitoka shule. Katika dhoruba za namna hiyo mtu aliweza kupotea kati ya nyumba na banda la ng'ombe, hivyo walifunga kamba kutoka mlangoni hadi bandani.

Na kulikuwa na aibu. Mpiga picha Solomon Butcher alianza mwaka 1886 kuzipiga picha familia za Kaunti ya Custer. Mke wa familia ya Hilton, karibu na Sargent, alitaka picha ya kupeleka kwa ndugu mashariki, lakini hakutaka waione nyumba ya udongo. Kinanda chao cha kukanyagwa kikasukumwa hadi nje, na familia ikapigwa picha imekizunguka uani, nyumba ikiwa haionekani. Mimi naiona picha ile kuwa ushahidi mkubwa kuliko barua nyingi: mtu anayewaficha ndugu zake anakoishi hana hata wa kumlilia.

Kama upweke ungetokana na mbuga tu, kila aliyefika angepatwa nao sawasawa. Haikuwa hivyo. Wamenoni, Wakristo wa dhehebu moja waliotoka Urusi mwaka 1874, walinunua ardhi ya reli huko Kansas, na kwa kuwa walinunua, sharti la kulala kila mtu kwenye robo yake halikuwahusu. Walijenga kijiji cha Gnadenau, nyumba zote kando ya njia moja na mashamba nyuma. Lakini umiliki ulifuata mistari ya mpima ardhi, na ndani ya miaka michache kila familia ilihamia kwenye eneo lake. Weusi waliotoka Kentucky baada ya utumwa waliunda mji wao wa Nicodemus, Kansas, mwaka 1877. Willianna Hickman alipofika mwaka uliofuata aliuliza mji uko wapi, akaonyeshwa moshi unaotoka ardhini, kwa sababu watu waliishi kwenye mahandaki. Alilia, na nani asingelia? Lakini moshi ule ulikuwa wa majiko mengi yaliyo karibu, na baadaye kukawa na kanisa na shule.

Wanawake wasioolewa waligundua namna ya kuikwepa sheria bila kuivunja. Marafiki wawili au ndugu wawili walichukua maeneo yanayopakana, wakajenga nyumba moja juu ya mpaka, kila mmoja akalaza kitanda chake upande wake wa mstari. Dada wanne wa familia ya Chrisman, hukohuko Custer, walipokezana kulala kwenye nyumba za wenzao ili masharti yatimie na asiwepo wa kukaa peke yake. Familia nne zingeweza pia kujenga pale pembe za robo nne zinapokutana. Wachache walifanya hivyo, maana pembe aliyoichagua mpima ardhi haikujali maji yalipo, na mkulima hujenga penye maji. Mwaka 1893 mwandishi E. V. Smalley alieleza katika jarida la The Atlantic Monthly jinsi maisha ya mashamba haya yalivyotenga watu, akahimiza wakulima wakae vijijini. Serikali ilikwenda kinyume: sheria ya mwaka 1904 kwa ajili ya Nebraska magharibi ilitoa eka 640 kwa mlowezi, mraba mzima. Mwaka 1912 tu ndipo muda wa kukaa ulipopunguzwa kuwa miaka 3, na ruhusa ya kutokuwepo miezi 5 kila mwaka.

Nafuu iliyofika mapema zaidi haikutoka kwenye sheria. Hataza za simu za Bell, yaani haki zake za pekee za uvumbuzi, zilipoisha muda wake mwaka 1893 na 1894, wakulima walianza kununua simu wenyewe na kuziunganisha kwenye seng'enge ya uzio, iliyokuwa imekwisha kufika kila shamba. Penye lango waliupandisha waya juu ya nguzo mbili. Ulipogusa nguzo ya mti waliukinga kwa shingo ya chupa au kipande cha ngozi. Mvua ikinyesha, au ng'ombe akikata waya, mawasiliano yalikufa. Kila nyumba ilikuwa na mlio wake, lakini laini ilikuwa moja, na wanawake walikinyanyua kisikilizio hata mlio usipokuwa wao. Kila aliyeongezeka kusikiliza aliifanya sauti ififie, kwa hiyo kama kulikuwa na habari ya mgonjwa au ya mama anayejifungua, msemaji aliwaomba wengine waweke chini kwanza, daktari apate kusikia.