Usiliue giza la ukumbi: kupiga picha za uzinduzi wa bidhaa usiku

Uzinduzi wa bidhaa hapa Mbeya unazidi kuhamia usiku. Kahawa ya Mbozi iliyokaangwa na kufungashwa, chai ya Rungwe, mafuta ya parachichi kutoka Njombe, kadi mpya ya benki: vyote vinatambulishwa kwenye ukumbi uliofunikwa vitambaa vyeusi tangu darini hadi sakafuni, mishumaa mezani, taa za bluu na zambarau ukutani, moshi wa mashine ukielea juu ya jukwaa. Mpiga picha anaingia, anaona giza, anachomeka flashi na kuielekeza mbele moja kwa moja. Hapo ndipo ninapotamani kumshika mkono.

Giza lile limelipiwa. Mteja ameweka fedha kwa mpambaji, kwa mwenye taa na kwa mwenye ukumbi ili mgeni akiingia ahisi kwamba kitu kikubwa kinakuja. Flashi ya uso kwa uso inayafuta yote hayo papo hapo. Picha inayobaki ina watu wanaong'aa paji la uso mbele ya ukuta mweusi, na ingeweza kuwa imepigwa ukumbi wowote, shughuli yoyote. Kazi yetu ni kuuonyesha usiku ulivyokuwa, huku nyuso na bidhaa zikisomeka vizuri.

Mtu wa kwanza wa kumtafuta ni fundi taa, kabla hata ya MC. Mimi hufika wakati wa mazoezi ya jukwaa, namsalimia, kisha namuuliza nani atasimama wapi na taa ipi itampiga usoni. Mara nyingi jukwaa lina taa za rangi tele nyuma na pembeni, lakini penye kipaza sauti hakuna hata moja inayotoka mbele. Wageni hawalioni tatizo hilo kwa sababu jicho huzoea giza. Basi naomba: "Kaka, niwekee taa moja nyeupe yenye ujoto kidogo, itokee juu, upande wa kushoto wa jukwaa. Usiifungue sana." Sijawahi kukutana na fundi aliyechukia ombi la namna hiyo likisemwa kwa heshima na mapema. Ukilileta mgeni rasmi akiwa ameshasimama, hata mimi nisingekusikiliza.

Sababu ya kuomba nyeupe ni hii. Kamera hurekodi mwanga katika mafungu matatu: nyekundu, kijani na bluu. Uso ukimulikwa na LED ya bluu tupu, fungu la bluu hujaa hadi kufurika na mawili mengine hubaki karibu matupu. Ngozi ya kahawia hurudisha nyekundu nyingi kuliko bluu, kwa hiyo ngozi zetu ndizo zinazoumia zaidi: uso unakuwa kama umepakwa rangi, macho na mdomo vinapotea. Programu ya kuhariri haiwezi kurudisha kitu ambacho hakikurekodiwa. Bluu ibaki kwenye pazia na moshi, hapo inapendeza sana. Uso upate nyeupe. Kwenye kamera washa grafu inayoonyesha rangi tatu kila moja peke yake, maana grafu ya jumla inaweza kukuambia mambo ni shwari wakati bluu imeshafurika.

Kuhusu vifaa, lenzi inayofunguka, yaani yenye tundu pana la kupitisha mwanga, ndiyo inayookoa usiku. Tundu hupimwa kwa f: namba ikiwa ndogo, tundu ni pana; mm nazo zikiongezeka, lenzi inavuta karibu zaidi. 50mm ya f/1.8 ni bei nafuu kuliko lenzi nyingine nyingi na inafanya kazi kubwa ukumbini. Kwa jukwaani, 85mm au 70-200mm ya f/2.8. Piga RAW, yaani faili ghafi linalotunza kila kilichorekodiwa. Weka kamera kwenye manual, yaani uipangie mwenyewe, kwa sababu ikijipangia yenyewe itaona vitambaa vyeusi vimejaa kwenye fremu, itadhani picha ni giza mno, itaongeza mwanga, na uso wa mzungumzaji utaungua. Pimia uso, au lebo ya bidhaa, kisha acha nyeusi iwe nyeusi.

Wengi wanaogopa kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kuliko wanavyoogopa picha iliyotikisika. Mimi naona ni kinyume. Chengachenga za ISO 3200 au 6400 mteja hazioni kwenye simu yake, na kwenye bango zinaweza kupunguzwa. Mkono wa mkurugenzi uliovutika kama ukungu hautengenezeki. Kwa hotuba ninaanzia shata (muda wa kamera kupokea mwanga) ya 1/125 ya sekunde; kwa kufunua bidhaa, kupiga makofi au kucheza, 1/250. Ila f/1.8 ina tabia yake: watu wawili wakipeana mikono, mmoja akiwa hatua moja nyuma, huyo wa nyuma atatoka bila fokasi. Hapo nafunga hadi f/2.8 au zaidi na kupandisha ISO bila wasiwasi.

Kuna jambo la umeme ambalo huwatesa wengi bila kujua linatoka wapi. Umeme wetu wa gridi una mzunguko wa 50 Hz, yaani mara 50 kwa sekunde, na mwanga hufifia mara mbili kila mzunguko, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/250, fremu moja inaweza kuwa na mwanga, inayofuata imefifia, au ikawa na mstari wa giza katikati. Jaribu 1/100 au 1/50, mistari mara nyingi hutulia. LED zilizopunguzwa mwanga hupepesa kwa kasi yake nyingine, na shata ya kielektroniki, ile ya kimya, ndiyo inayoonyesha mistari hiyo vibaya zaidi. Tumia shata ya kawaida na upige picha za majaribio wakati wa mazoezi, taa zikiwa katika kiwango kilekile kitakachotumika usiku. Umeme ukikatika na jenereta ikashika, rudia majaribio, kwa kuwa jenereta isiyo thabiti hubadilisha mzunguko. Skrini kubwa ya LED nyuma ya jukwaa nayo ipimwe peke yake.

Mistari ya leza usiielekezee lenzi hata kidogo. Inaweza kuchoma kihisio cha kamera, na hapo matengenezo yake yanaweza kuwa ghali sana.

Simaanishi flashi iachwe nyumbani. Kwenye zulia, mbele ya bango la wadhamini, itumie kwa uhuru. Pale watu wanataka waonekane na nguo zao. Kama dari ni jeupe, ielekeze juu. Dari likiwa limevikwa kitambaa cheusi, mwanga unamezwa, basi pitishia kwenye kisanduku kidogo cha kulainisha, ukiishika kwa mkono wa kushoto pembeni ya kamera. Flashi ina mwanga wa karibu 5500K (K hupima rangi ya mwanga: ndogo ni manjano, kubwa ni bluu) na taa nyingi za ukumbini ni za manjano ya 3200K, kwa hiyo bandika karatasi ya rangi ya chungwa kwenye flashi, rangi zipatane. Na upunguze shata hadi 1/30 ili mishumaa na taa za nyuma ziingie kwenye picha pia. Ila wakati wa kufunua bidhaa, zima. Kila mtu macho yako pale, na mwako wa flashi unavuruga kile kilichopangwa kwa muda mrefu.

Wakati huo wa kufunua ndio ninaouwekea nguvu zote. Kitambaa kinavutwa, na kinapopanda kinaficha nyuso za wanaokivuta kwa muda mfupi sana. Ukipiga hapo unapata kitambaa chenye miguu. Muulize mtu wa itifaki mapema: kinavutwa kuelekea upande gani? Simama upande wa pili. Kubaliana na watu wa video nani anapiga magoti na nani anasimama, kwa sababu wageni nao watainua simu zao zote kwa pamoja na njia itafungwa. Piga mfululizo, na usishushe kamera kitambaa kikishaanguka. Uso wa mwenye bidhaa, yule aliyehangaika nayo tangu shambani, hubadilika baada ya makofi kuanza, si kabla. Picha hiyo ndiyo anayoiweka ofisini.

Bidhaa yenyewe ipige kabla milango haijafunguliwa. Weka kamera kwenye stendi, ISO 100, shata hata sekunde nzima kama hakuna kinachotikisika, fundi taa akiwa ameshawasha mpangilio wa usiku. Pakiti nyeusi isiyong'aa juu ya meza nyeusi itapotea usipopata mwanga mwembamba unaogusa ukingo wake kutoka nyuma. Omba taa moja ya pembeni igeuzwe kidogo, pakiti itachorwa umbo lake lote. Na kama ni kahawa au chai, tafuta kikombe cha moto. Mvuke unaonekana vizuri ukipigwa mwanga kutoka nyuma huku nyuma yake kukiwa na giza, na jioni ya baridi ya Mbeya mvuke unakuwa mzito, unapanda taratibu, unajikunja juu ya ukingo wa kikombe. Ukumbi wenye mwanga mwingi usingekupa picha hiyo. Nikiwa na mteja anayesitasita kuhusu giza, humwonyesha mvuke wa namna hiyo, na huwa tunaelewana.

Baridi hiyo hiyo ina hila zake mwezi Juni na Julai. Ukitoka nje na kamera ya baridi ukaingia ukumbi uliojaa watu, lenzi hupata ukungu na kuifuta hakusaidii, unarudi. Ingia na begi likiwa limefungwa, liache lipate joto taratibu kabla ya kulifungua. Betri za akiba zikae mfukoni karibu na mwili, kwa sababu baridi huzimaliza haraka. Nguo vaa nyeusi, viatu visivyogonga.

Usiku uleule chagua picha chache zilizo bora na umtumie mteja, maana asubuhi anataka kuziweka mitandaoni. Ukihariri, usivute vivuli hadi ukumbi uonekane kama mchana. Picha ambazo bluu imezishinda kabisa, zigeuze ziwe nyeusi na nyeupe. Hotuba nyingi zinapendeza hivyo. Halafu mtumie na fundi taa picha za jukwaa lake, bila kumdai. Naye anatafuta kazi, na ni nadra kupata picha safi za alichokitengeneza. Mnapokutana tena kwenye ukumbi mwingine, Iringa au Njombe, utakuta ile taa nyeupe ya mbele imeshawekwa kabla hujaiomba.