Re: Mtoto wa miaka 3 anatema mboga zote, nifanyeje?

Salaam dada. Umesema mwanao anatema kila mboga, matunda hayagusi, na ukimlazimisha mlo unaishia kwa machozi. Pole sana, nimeyapitia hayo na binti yangu.

Kwanza angalia anachokula kabla ya mlo. Wangu alikuwa anajaza tumbo kwa juisi na biskuti, mezani anafika hana njaa. Tulipoacha, nusu ya ugomvi iliisha.

Halafu acha kumlazimisha, wala usimwahidi peremende akimaliza mboga. Ataona mboga ni adhabu. Kati ya miaka 2 na 6 watoto wengi huogopa chakula kigeni, na ladha mpya inaweza kuhitaji kuonjwa hata mara 10 au 15 ndipo waizoee. Weka kipande kimoja cha mboga laini, kidogo kama ukucha, kisha nyamaza. Binti yangu karoti aliinusa, akailamba, akairudisha, siku nyingi tu. Siku aliyoitafuna aliichukua mwenyewe kwenye sahani ya baba yake! Kwa hiyo nanyi kuleni mbele yake, tena kwa hamu.

Akipungua uzito au akipaliwa mara kwa mara anapomeza, mpeleke kwa daktari usisubiri.